Ombi la Mtu Asiye na Maono

Habari njema zina miguu, lakini zikipitia kwa mama mzazi huota mabawa. Kupe alipandishwa cheo asubuhi, na kabla hajamaliza kupeana mikono na mkuu wa idara, shangazi zake walikuwa wameshampigia simu kumpongeza, fundi cherehani aliyemshonea suti ya harusi alikuwa amemtumia salamu, na bawabu wa lango la chuo alimsimamisha kumwuliza kama kweli tangu leo ataitwa Mhadhiri Mwandamizi, au ni maneno ya watu tu.

"Mama, nilikuomba usimwambie mtu," alilalama kwenye simu, amejibanza nyuma ya maabara.

"Mtu? Sijamwambia mtu. Nimewaambia ndugu."

"Na bawabu je?"

"Yule huniamkia vizuri. Ana haki ya kujua." Mama alivuta pumzi, na Kupe akajua hotuba inakuja. "Mwanangu, miaka yote watu wananiuliza, huyo mwanao atafuga kupe mpaka lini? Leo nimepata la kuwajibu, halafu wewe unataka nilimeze? Litanikwama."

Ni kweli kwamba Kupe alikuwa mtafiti wa kupe, wale wadudu wanaoganda kwenye ngozi ya ng'ombe, na jina la wadudu hao lilikuwa limemganda yeye mwenyewe tangu siku zake za uanafunzi. Hata mama alipoghadhibika alimwita hivyo hivyo.

Mtu mwingine angefurahia cheo akaenda kununua viatu. Kupe alikuwa na sababu ya kutaka habari ile ilale walau wiki moja. Alikuwa mwenyekiti wa Chama cha Watafiti Chipukizi, na katiba ya chama ilisema wazi kwamba chipukizi ni yule ambaye bado hajawa mwandamizi. Siku unapopanda huku, unashuka kule.

Chama chenyewe hakikuwa kikubwa. Kilikuwa na chumba kimoja nyuma ya maktaba, ambacho zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu, na baadhi ya viti hivyo bado vilikuwamo, sasa vikikaliwa na wasomi. Kilikuwa na hadubini iliyobaki na jicho moja, birika la umeme lililopiga kelele kuliko lilivyochemsha, na mlango ambao ili ufunguke ilikupasa uunyanyue kidogo kwa bega, kama unayemwamsha mlevi. Lakini kila mwaka Mfuko mmoja wa kusaidia vijana ulikipa ruzuku, na chama kiliigawa kwa wanachama wake kidogo kidogo: huyu nauli ya kwenda kukusanya sampuli, yule chupa, mwingine ada ya maabara. Kwa mtu ambaye profesa wake ana mradi mnono, fedha hizo zilikuwa za kununulia soda. Kwa waliobaki, ndizo zilizoamua kama utafiti utakwisha au utamaliza mtu.

Na hapo palikuwa na sheria moja iliyofanya kiti cha mwenyekiti kisigombewe na yeyote. Mwenyekiti hapati ruzuku katika mwaka wa uongozi wake, asije akajipakulia. Kwa hiyo kila uchaguzi ulipokaribia, wanachama waligundua kuwa wana wajukuu wa kulea, ingawa wengine hawakuwa hata na wachumba. Kupe peke yake ndiye aliyekubali, kwa kuwa kupe wake walikuwa wa bure. Ng'ombe waliwaleta wenyewe. Alikuwa akisema amechoka na kiti kile. Lakini aliyemtazama vizuri aliona jinsi alivyokisogeza kwa upole kabla ya kukaa, kama mtu anavyotandika kitanda chake mwenyewe.

Sasa cheo kilikuwa kimetangazwa, mama alikuwa amekitangaza zaidi, na wiki iliyofuata Mkaguzi wa Mfuko angekuja kushuhudia uchaguzi. Mfuko ulikuwa umechoka kusikia kwamba mwenyekiti amechaguliwa bila mpinzani. Safari hii walitaka wagombea wasiopungua watatu na mshindi mmoja aliyesimama mbele ya macho ya Mkaguzi, la sivyo ruzuku ya mwaka ingepelekwa kwa kikundi kingine, na vikundi vyenye njaa havikukosekana.

"Kaka, kumbikumbi hawafuati kalenda ya Mfuko," alisema Binti Mchwa walipokutana chumbani siku hiyo. Huyu alikuwa katibu wa chama, mtafiti wa mchwa, na ulimi wake ulikuwa na meno. "Mvua ya kwanza ikigusa ardhi wanatoka, wanaruka, wanaangusha mabawa, basi. Nikikosa nauli na hema safari hii, nasubiri mwaka mzima. Na msimamizi wangu ameshaniambia hana mwaka mwingine wa kunipa."

"Basi kaa wewe kwenye kiti."

"Nikikaa kwenye kiti sipati ruzuku! Unanivika kofia halafu unanivua nguo?"

Kupe alikuna kichwa. "Yupo Popo."

Popo alikuwepo, tena pale pale, lakini alikuwa mtu ambaye ungeweza kukaa naye chumba kimoja ukadhani umebaki peke yako. Alikuwa mrefu, mpole, mtafiti wa popo, na utafiti wake ulilipiwa na wafadhili wa mbali, kwa hiyo ruzuku haikumhusu. Alikuwa na tabia ya kujibu swali baada ya mwulizaji kulisahau.

"Popo, ndugu yangu, utakuwa mwenyekiti?"

Birika lilichemka, likazimika.

"Nitakubali," alisema Popo hatimaye. "Ila siandiki ombi. Sihutubii. Na mtu asiniulize maono yangu ya uongozi."

"Hayo yote niachie mimi," alisema Kupe, na macho yake yakaanza kung'aa kwa namna ambayo Binti Mchwa aliifahamu na hakuipenda.

Hapa yafaa msomaji aelezwe desturi ya watu hawa. Kwa kuwa maandishi yao kila siku yalipelekwa kwenye majarida na kuhukumiwa na watu wasiojulikana, wao nao waliamua kwamba katika chama chao kila kitu kitahukumiwa majina yakiwa yamefichwa. Ukiomba ruzuku, ombi lako hupewa namba, husomwa kwa sauti, na wote hulichambua bila kujua ni la nani. Uongozi vivyo hivyo. Anayeshinda husimama mwenyewe akajitambulisha. Anayeshindwa husitiriwa, jina lake lisitajwe hata kwa siri. Waliona ni ustaarabu mkubwa.

"Kwa hiyo," alisema Kupe, "naandika maombi matatu. Moja zuri, la Popo. Mawili ya ovyo, ya kujaza idadi. Ya ovyo yanashindwa, na kwa desturi yetu hakuna atakayeuliza wenyewe ni nani. Popo anasimama, Mkaguzi anampa mkono, wewe unakwenda kwa kumbikumbi wako."

"Na la ovyo likishinda?"

"Haliwezi."

"Utafiti gani umekuambia?"

"Uzoefu."

"Sampuli ngapi?"

"Dada, wewe andika namba juu ya karatasi, mengine niachie."

Binti Mchwa alitikisa kichwa, lakini alizisikia radi za mbali moyoni mwake, za mvua ya kumbikumbi, akakubali.

Lilibaki tatizo la akidi. Chama hiki ukikiitia mkutano, wote wana wagonjwa wa kwenda kuwaona. Lakini ukitangaza kwamba kuna maandishi ya mtu ya kukosolewa, watakuja hata wagonjwa wenyewe. Kupe aliwajua watu wake. Tangazo alilobandika mlangoni halikutaja neno mkutano. Lilisema: *Kikao cha kuchambua maombi matatu ya uongozi. Wenye ndimi kali wawahi viti.*

Kisha akaketi kuandika. Ombi la Kwanza, lile la Popo, alilitolea jasho. Alilijaza dira, upeo, nguzo na mihimili, akalipamba kwa mfano wa kundi la ng'ombe lisilofika malishoni bila fahali wa kuliongoza. La Tatu aliliandika akicheka peke yake. Lilimfananisha mwanachama mvivu na ng'ombe aliyelala njiani, kisha likaahidi faini kwa wachelewaji, sare kwa wanachama, na wimbo wa chama. La Pili aliliacha mwisho. Wakati huo alikuwa amechoka, chai yake imepoa, na ameudhika na watu wote, nafsi yake ikiwa ya kwanza. Aliliandika kwa pumzi moja, hakulisoma mara ya pili.

Siku ya kikao chumba kilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Mkaguzi aliwasili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo shingoni, akasalimia, akakataa kiti cha mbele, akaketi nyuma na mkoba wake mapajani. Mbele kabisa, magoti yakigusa meza, alikaa Hoja.

Hoja alitafiti vumbi la barabarani, namna linavyoingia vifuani mwa wachuuzi. Kazi yake ilikuwa nzuri, lakini aliandika kama anayegombana, na kila mwaka alipoomba ruzuku wenzake walimkatakata bila kumjua. Desturi ilimsitiri, lakini kila mtu alijua, maana hakuna mwingine aliyetafiti vumbi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na Hoja alikuwa ameuonja pande zote mbili. Jina lake lilitokana na maneno aliyofungulia kila kikao.

"Mwenyekiti, nina hoja."

"Hata hatujaanza, ndugu yangu," alisema Kupe.

"Ndiyo hoja yenyewe. Tumechelewa."

Binti Mchwa akasimama, akasoma Ombi la Kwanza kwa sauti ya kupendeza. Kupe aliinamisha kichwa kuficha fahari yake. Alipomaliza, kwa muda mfupi kulikuwa na heshima. Kisha mbwa wakafunguliwa.

"Anasema atatufikisha kwenye upeo mpya. Upeo wa zamani ulipimwa na nani?"

"Nguzo saba! Chumba chetu hakina hata nguzo moja."

"Huyu mtu, samahani kama yumo humu, lakini huyu mtu anapenda kusikika."

"Mwenyekiti, nina hoja," alisema Hoja. "Nimehesabu. Ametumia neno 'kimkakati' mara nyingi kuliko neno 'na'. Mimi sipigi kura kwa mtu anayenidharau kwa maneno marefu. Eti fahali! Nani amemwambia sisi tunataka fahali?"

Watu wakacheka. Masikio ya Kupe yalikuwa ya moto. Alimtazama Popo, na Popo alikuwa anacheka pia, kwa upole, kama mtu asiyehusika.

Binti Mchwa akachukua Ombi la Pili. Akasoma:

"Sina maono. Nina macho, na yananitosha kuona kwamba mlango wetu hufunguliwa wanachama wakiwa wameshakata tamaa. Nikichaguliwa, nitaufungua mapema. Maji yatachemka. Mikutano itakwisha kabla hatujaanza kuchukiana. Sitaunda kamati, nikilazimishwa kuunda kamati, nitaivunja siku hiyo hiyo. Fedha zikija nitawapa wenye safari, zisipokuja nitasema hazikuja. Sitamwita mtu chipukizi hali amezeeka kwa kusubiri. Ng'ombe hamshukuru mchungaji kwa hotuba. Humshukuru kwa majani."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja dirishani alisema, taratibu, "Loo." Mwingine akasema, "Soma tena." Binti Mchwa akasoma tena, na safari hii alisoma polepole, akimtupia Kupe jicho moja baya.

Wote wakamgeukia Hoja, wakingoja panga. Hoja alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti.

"Huyu," alisema, kisha akakohoa. "Huyu anajua."

Ilikuwa mara ya kwanza Hoja kusifu maandishi ya binadamu, na baada ya hapo hapakuwa na uchaguzi tena. Ombi la Tatu lilisomwa kwa kutimiza wajibu. Walilizomea hadi kwenye sare, wimbo hawakuufikia. Kura zilipokusanywa, Ombi la Pili lilikuwa limeyaacha mengine mbali hata isihitajike kuhesabu kwa makini. Popo, alipoona ameshindwa, uso wake ulichanua kama wa mtu aliyeachiwa huru na mahakama. Alinyanyuka, akaunyanyua mlango kwa bega, akatoka, na hakuna aliyemwona akienda.

Mkaguzi akasimama, akavaa miwani. "Hongereni sana. Nimetembelea vyama vingi, sijaona uchaguzi wa namna hii. Basi, nimpe mkono mwenyekiti mpya. Ni nani?"

Hakuna aliyesimama.

Kupe alihisi jasho likimtambaa mgongoni kama wale wadudu wake. Akisema ni lake, yeye si chipukizi tena. Bawabu mwenyewe anajua. Na wangeuliza, kwa nini mtu asiye na haki ya kugombea ameandika ombi? Na hayo mengine ni ya nani? Asiposema, hakuna mwenyekiti, hakuna ruzuku, na kumbikumbi wataruka bila shahidi. Alimtafuta Popo ili amkonyeze, alichukue hili badala ya lile. Akaona kiti kitupu.

"Desturi yetu," alisema Binti Mchwa, "mshindi husimama mwenyewe."

"Nalijua hilo, mwanangu. Nimelisoma," alisema Mkaguzi. "Nangojea asimame."

"Labda ana haya," alisema Kupe. "Mtu asiye na maono huenda hajaona kwamba ameshinda."

Walicheka, lakini Mkaguzi hakucheka. "Mimi nina subira," alisema. "Dereva wangu hana."

Basi wanachama wakaanza kubahatisha, na katika kubahatisha wakaanza kusifu, maana mtu asiyejulikana husifiwa kwa urahisi.

"Huyu ni mtu aliyeonewa sana. Sikia anavyosema kuhusu kusubiri."

"Ana akili nyingi, ila hapewi nafasi."

"Tena ni mtu wa watu. Sisi tu hatukumjua."

Kila sentensi ilipotamkwa, Hoja alikaa wima kidogo zaidi. Alitengeneza kola ya shati. Alitazama huku na huku, na alipoona hakuna anayesimama, uso wake ukawa wa mtu aliyeona sahani ya chakula mezani, mwenyewe hayupo, na inapoa.

"Mwenyekiti, nina hoja."

"Si sasa, ndugu yangu, nakusihi," alisema Kupe.

"Ni sasa." Hoja akasimama. "Ni mimi."

Chumba kilipasuka kwa makofi. Waliokuwa madirishani waliruka ndani. Watu waliomkatakata Hoja mwaka hadi mwaka walimkumbatia, wakimwambia walijua tu, siku zote walijua, mtindo wake haufichiki. Naye Kupe alisimama mbele ya meza, mdomo wazi. Alikuwa amewahi kusikia wasomi wakilia kwamba wameibiwa maandishi kwa siri. Hakuwahi kusikia mwizi akichukua mchana kweupe, mbele ya mwenye mali, na mwenye mali akitakiwa apige makofi. Binti Mchwa alimkazia macho. Kupe akapiga makofi. Alipiga mpaka viganja vikamwuma.

"Swali moja tu," alisema Mkaguzi akimshika Hoja mkono. "Waombaji wote watatu wametaja ng'ombe. Mna wafugaji wangapi humu?"

Kupe alidhani sasa ndiyo mwisho wake. Lakini Hoja alikuwa ameshakikalia kiti.

"Mama, tumeongozwa na mtu wa kupe muda mrefu mno. Ng'ombe wametuingia kichwani."

Kicheko kilitikisa madirisha. Mkaguzi naye alicheka safari hii, kisha akamtazama Kupe juu ya miwani yake, kitambo kirefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Naona," alisema. "Na nasikia umepanda cheo, mwanangu. Bawabu wenu ana furaha sana. Ni vizuri, umekiacha kiti kwa wakati." Akatoa kalamu mkobani, akasaini mahali pa kusaini, na ruzuku ikawa yao.

Watu walipotawanyika walibaki watatu. Kupe alikuwa akichomoa ufunguo wa chumba kutoka kwenye kishada cha funguo zake, na pete ilikuwa ngumu, au vidole vilikuwa vizito.

"Unajua mwenyekiti hapati ruzuku mwaka huu," alimwambia Hoja.

"Mwaka gani nilipata?" alijibu Hoja, bila uchungu wowote. Akageuka kwa Binti Mchwa. "Dada, safari yako ndiyo ya kwanza. Mawingu nimeyaona. Kesho nitawahi kufungua, uje na bei ya hema."

Binti Mchwa alisema ahsante, na sauti yake, yenye meno siku zote, ilikuwa laini ghafla.

Kupe akatazama ule uso wa mwenzake, uliokuwa umenyooka kama shati lililopigwa pasi. Angeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza.

"Uliandika lini ombi lile?" aliuliza.

"Aa, lilinijia tu," alisema Hoja, akitazama dari.

"Kwa urahisi hivyo?"

"Kwa urahisi. Unajua kitu kikiwa ndani ya mtu." Hoja akachukua ile karatasi mezani, akaisogeza mbali na macho, akakunja uso. "Ingawa nikilisikiliza sasa, mwisho umelegea. Hii ya ng'ombe na majani. Sijui nilikuwa nafikiria nini. Ningeifuta."

"Kufuta nini? Hiyo ndiyo nguzo ya..." Kupe alianza, na damu ikampanda, maana kama kulikuwa na sentensi moja maishani mwake ambayo ilitoka bila kosa, ilikuwa ile.

Binti Mchwa akamkanyaga mguu, kwa kisigino, kwa nguvu zake zote.

Mhadhiri Mwandamizi akaweka ufunguo kwenye kiganja cha mwenyekiti.

"Ni kweli," alisema. "Umelegea kidogo."